Nyumba ya Carson na Mji Uitwao Nimeipata

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nimeikumbuka sana methali hiyo miezi ya karibuni, kila nilipotazama picha za nyumba moja ya mbao iliyoko Eureka, mji wa bandari kaskazini mwa pwani ya California, Marekani. Nyumba yenyewe huwezi kuifungua ukaingia. Ni mali ya klabu binafsi, na kama wewe si mwanachama wala mgeni wa mwanachama, utaishia barabarani na simu yako mkononi ukipiga picha kama wenzako. Mimi hata hapo barabarani sijafika. Nimeijua kwa picha, kwa ramani, na kwa kumbukumbu zilizohifadhiwa na mradi wa serikali ya Marekani wa kurekodi majengo ya kihistoria, ambazo mtu yeyote mwenye bando anaweza kuzisoma.

Niliifikiaje? Kwa njia ya pembeni kabisa. Nilikuwa nasoma habari za mwandishi Bret Harte, yule wa hadithi za wachimba dhahabu, nikakuta kwamba ujana wake aliwahi kufanya kazi kwenye gazeti dogo jirani na Eureka, na kwamba aliondoka huko haraka baada ya kuandika habari moja. Nikataka kujua ni habari gani. Kabla sijaipata vizuri, intaneti ikaniletea nyumba. Ukitafuta jina la mji huo, nyumba ndiyo inatangulia. Habari ya Harte inakuja baadaye sana, ukiwa na subira. Nadhani makala hii yote inatokana na mpangilio huo wa matokeo.

Basi tuanze na nyumba, maana inastahili kutazamwa.

Inaitwa Carson Mansion. Ilijengwa kati ya 1884 na 1886 kwa ajili ya William Carson, tajiri wa mbao. Wachoraji wa ramani yake walikuwa ndugu wawili wa San Francisco, Samuel na Joseph Cather Newsom. Ina ghorofa tatu na mnara unaopanda juu ya paa, na kila mahali ambapo fundi mwingine angeacha ukuta mtupu, hapa kuna kitu: nguzo zilizokerezwa, matao, vigae vya mbao vilivyokatwa kama magamba ya samaki, varanda juu ya varanda, vipembe vya paa vinavyochomoza kila upande. Rangi yake ni ya kijani. Ukiitazama kwa mara ya kwanza unaweza kucheka kidogo. Mara ya pili unaanza kuhesabu, na hesabu haiishi.

Watu wa majengo huiweka kwenye fungu la nyumba za zama za Malkia Victoria, aliyekaa kwenye kiti cha Uingereza tangu 1837 hadi 1901. Victoria hakuwahi kuitawala California, lakini jina lake lilivuka bahari na kutua juu ya mapaa ya watu wasiokuwa raia wake. Ndani ya fungu hilo kuna mitindo mingi, na akina Newsom hawakuchagua mmoja. Walichukua mnara huku, nguzo kule, madirisha ya Kiitalia pale, wakachanganya. Mwaka uleule wa 1884 walitoa kitabu cha michoro ya nyumba za California, ambacho mtu wa kipato cha kawaida angeweza kukifungua akachagua nyumba ya kujenga. Walikuwa wanajua soko. Kwa Carson walipata mteja ambaye hakuhitaji kuchagua: alikuwa na fedha, alikuwa na mafundi, na juu ya yote alikuwa na mbao.

Mbao ndiyo maana halisi ya nyumba hii. Kando ya pwani ile hukua msekwoya, mti mrefu kuliko yote duniani. Misekwoya iliyokomaa hupita mita 90, na mingine imeishi zaidi ya miaka 2,000. Wenyeji wa Kiingereza huuita kwa rangi yake, mti mwekundu. Seremala yeyote angeupenda: mbao zake ni nyepesi, zinanyooka, zinakubali patasi, hazipasuki ovyo, na hazishambuliwi upesi na wadudu wala kuoza, jambo kubwa katika mji wenye ukungu na mvua kama Eureka. Sehemu kubwa ya San Francisco ya karne ya 19 ilijengwa kwa mbao hizo. Nyumba zile za rangi rangi ambazo watalii huzipanga nyuma yao wakijipiga selfi, mifupa yake ilitoka kwenye misitu ya kaskazini.

Carson alikuwa mmoja wa walioipeleka huko. Alizaliwa New Brunswick, Kanada, mwaka 1825, akaja California wakati wa kukimbilia dhahabu. Kama wengi, aligundua kwamba dhahabu inachosha na hailipi kila mtu. Mwisho wa 1850 alikuwa tayari ameshika shoka kwenye Ghuba ya Humboldt, na mwaka 1854 alisafirisha shehena ya mbao za msekwoya kwenda San Francisco. Mwaka 1863 akaungana na John Dolbeer, ikazaliwa kampuni ya Dolbeer na Carson. Kwa barabara mji ule ulikuwa kama kisiwa; reli ya kuuunganisha na sehemu nyingine za nchi haikufika hadi 1914. Kila kitu kilipita baharini, mbao zikitoka na fedha zikiingia.

Na mti wa namna hiyo hauangushwi kirahisi. Wakataji walisimama juu ya mbao zilizochomekwa kwenye shina, wakapiga shoka na kuvuta msumeno kwa siku nzima na zaidi. Chini walitandika matawi na udongo laini, kwa sababu shina zito vile likianguka juu ya kitu kigumu linapasuka vipande na hasara ni yako. Kisha magogo yalivutwa na maksai, jozi kwa jozi, kwenye njia zilizotandikwa magogo madogo. Hapo ndipo Dolbeer alipoleta chake. Mwaka 1881 alibuni mashine ya mvuke ya kuvutia magogo: boila iliyosimama wima, pembeni roda inayozunguka, na kamba nene ya katani ya manila. Farasi anairudisha kamba msituni, inafungwa kwenye gogo, mashine inavuta. Watu wakaiita punda. Punda huyo halishwi majani, hachoki, na anafika kwenye mabonde ambayo maksai wangevunjika miguu. Mwaka uliofuata Dolbeer alipata hataza yake.

Sasa weka tarehe hizo pamoja. Mashine mwaka 1881, nyumba ikaanza 1884. Pale Eureka husimuliwa kwamba biashara ilikuwa imelala kidogo na Carson akaamua kujenga ili mafundi wake wasikae bure. Inawezekana, na kama ni kweli ni jambo jema. Zaidi ya watu 100 walifanya kazi pale. Lakini nyumba pia ilisimama kwenye mwinuko juu ya ghuba, ikitazama kiwanda chake cha kupasulia mbao. Meli iliyokuja kununua ingeiona kabla ya kutia nanga. Kwa mfanyabiashara, huo ni ubao wa tangazo. Kila pambo linasema: tazama mbao hizi zinaweza kufanya nini. Ndani nako hakujibana. Alileta kwa meli shehena kubwa ya mbao nyeupe za mprimavera kutoka Amerika ya Kati, mawe ya oniksi na vioo vya rangi. Mtu aliyekuwa na msitu mzima mlangoni kwake aliagiza mbao kutoka nchi nyingine. Ndivyo ulivyo utajiri, ulichonacho hakitoshi kukuonyesha.

Nimefanya kazi ya uandishi wa habari kwa zaidi ya miaka kumi, na mara nyingi nimetumwa kwenye migogoro ya viwanja. Nimejifunza kwamba swali la kwanza la kuuliza ni dogo tu: kabla yako alikuwa nani? Unaenda nyuma hatua moja moja, mpaka mtu anaanza kukasirika. Hapo alipokasirikia ndipo stori ilipo.

Nikaijaribu njia hiyo kwa nyumba ya Carson, na mwanzoni haikuwa na shida. Wamiliki ni wawili tu. Carson aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1912, akiwa na miaka 86. Familia ikabaki nayo hadi 1950, ikauzwa kwa dola 35,000 kwa klabu iliyoundwa na wafanyabiashara wa mji, Ingomar. Jina la klabu lilitokana na ukumbi wa maonyesho uliojengwa na Carson mwenyewe, nao ulipata jina kwenye mchezo wa jukwaani alioupenda. Klabu imeitunza vizuri mno. Nyumba nyingi za aina yake zilibomolewa au zikageuzwa vyumba vya kupanga, hii ikapigwa rangi na kurekebishwa mwaka baada ya mwaka. Kwa hilo nawapa heshima yao bila kinyongo. Mlango ukifungwa, wakati mwingine nyumba inapona.

Kwa hiyo: klabu, kabla yake familia ya Carson. Na kabla ya Carson?

Mji wa Eureka ulianzishwa mwaka 1850. Neno lenyewe ni la Kigiriki, maana yake ni "nimeipata", na ndiyo kaulimbiu ya jimbo zima la California. Kwa waliokuwa wakitafuta dhahabu lilikuwa jina la furaha. Tatizo la neno hilo ni kwamba linasahau kuuliza ilikuwa ya nani. Kandokando ya ghuba ile waliishi Wawiyot, na walikuwa wameishi hapo kwa karne nyingi, wakivua samaki na kukusanya chaza na kome. Kisiwa cha Tuluwat, katikati ya ghuba, kilikuwa mahali pao patakatifu. Kila mwaka walikusanyika hapo kwa siku kadhaa kufanya ibada ya kuifanya dunia kuwa mpya. Ukifungua ramani ya leo, weka kidole kwenye nyumba ya Carson, kisha kisogeze kuelekea majini. Hutasogeza sana. Kisiwa kiko hapo hapo.

Alfajiri ya tarehe 26 Februari 1860, ibada ikiwa inaendelea, kundi la walowezi lilivuka maji kwenda kisiwani. Wanaume wengi wa Kiwiyot walikuwa wameondoka kutafuta mahitaji. Waliolala pale walikuwa wanawake, watoto na wazee. Washambuliaji walitumia zaidi mapanga, visu, marungu na mashoka. Siku hizohizo vijiji vingine vya kuzunguka ghuba vilishambuliwa pia. Makadirio ya waliouawa ni kati ya watu 80 na 250. Hakuna aliyefikishwa mahakamani akahukumiwa. Walionusurika walipelekwa kwenye ngome ya jeshi, kisha wakahamishiwa kwenye maeneo ya mbali waliyotengewa.

Hapo ndipo Bret Harte anapoingia. Alikuwa na miaka 23, akifanya kazi kwenye gazeti la Northern Californian katika mji uliokuwa ukiitwa Union, leo Arcata, upande wa kaskazini wa ghuba. Mhariri wake alikuwa safarini, yeye ameachiwa ofisi. Kila mwandishi kijana anaijua hali hiyo: bosi hayupo, na habari kubwa kuliko zote inaingia mlangoni. Harte angeweza kuandika mistari mitatu ya tahadhari, akangoja mkubwa arudi. Badala yake aliandika kilichotendeka, akaeleza maiti za wanawake na watoto wachanga zilizofikishwa pale Union, na akalaani wazi. Takriban mwezi mmoja baadaye alikuwa ameondoka kabisa, kwenda San Francisco. Husimuliwa kwamba maisha yake yalikuwa hatarini. Miaka minane baadaye, mwaka 1868, hadithi yake ya kambi ya wachimba dhahabu ilimpa jina Marekani nzima.

Nakiri kwamba sehemu hii ndiyo iliyonifanya niache kuiona nyumba kama nyumba tu. Simhusishi Carson na mauaji yale. Nyumba yake haikuwapo, na wala hakushtakiwa yeye wala mwingine yeyote. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo, na pengine ni kigumu zaidi. Miaka 24 baada ya usiku ule, mafundi walianza kujenga mnara ambao mtu akisimama juu yake akitazama ghuba, kisiwa kile kiko mbele ya macho. Kiwanda, magogo, mashine ya punda, mbao zilizokwenda San Francisco, vyote vilihitaji ghuba tulivu na misitu isiyokuwa na mwenyewe. Ilifanywa isiwe na mwenyewe. Hati za kumiliki ziliandikwa baadaye, kwa mwandiko mzuri.

Kisiwa nacho kina mnyororo wake wa wamiliki. Mwaka huohuo wa 1860 kilinunuliwa na mtu aitwaye Robert Gunther, akajenga kingo za udongo kuzuia maji ili apate malisho, na kwa muda mrefu kisiwa kikabeba jina lake. Pale palipokuwa kijiji pakawa na karakana ya kutengeneza meli iliyofanya kazi kwa zaidi ya karne moja na kuacha udongo uliojaa sumu za kemikali. Baadaye sehemu kubwa ya kisiwa ikawa mali ya manispaa ya Eureka.

Wawiyot hawakuondoka kwenye habari hii. Kuanzia 1992, kila Februari, watu walikusanyika jioni wakiwa na mishumaa kuwakumbuka wafu wa Tuluwat, Wawiyot na wasio Wawiyot pamoja. Mwaka 2000 kabila lilikusanya fedha kwa kuchangishana, likanunua ekari moja na nusu pale kijiji kilipokuwa. Fikiria hilo kidogo: kununua, kwa bei ya soko, mahali walipozikwa bibi zako. Mwaka 2004 manispaa iliwarudishia ekari zipatazo 40. Walisafisha ile sumu, kazi iliyochukua miaka. Mwaka 2014 ibada ilifanyika tena kisiwani, kwa mara ya kwanza tangu 1860. Kisha Oktoba 2019 manispaa ikarudisha karibu sehemu yote iliyobaki, zaidi ya ekari 200, bila kuuza na bila kulazimishwa na mahakama. Wanaofuatilia mambo haya wanasema hakuna mji mwingine wa Marekani uliokuwa umewahi kufanya hivyo.

Narudi kwenye matokeo ya utafutaji niliyoanza nayo. Nyumba ina picha maelfu, na kila pembe yake imeandikwa. Kisiwa hakina jengo la kupiga picha. Kwa macho ya mtalii ni majani, matope na ndege. Historia ya majengo ina upungufu huo: inawapenda waliojenga kwa vitu vinavyodumu na walioachwa wakae mpaka vikadumu. Nyumba za Wawiyot nazo zilikuwa za mbao, mbao za msekwoya uleule, zilizopasuliwa kwa kabari badala ya msumeno. Hakuna klabu iliyozinunua ili izipake rangi.

Hata misitu yenyewe haikubaki. Katika misitu ya zamani ya misekwoya ya pwani, ile iliyokuwapo kabla ya mashoka ya 1850, inakadiriwa kimebaki takriban asilimia 5. Kwa hiyo ukuta wa nyumba ya Carson sasa ni miongoni mwa mahali unapoweza kuona mbao za aina ile, zenye mistari iliyobanana ya miti iliyokua polepole kwa karne nyingi. Hiyo nayo ni sababu ya kuitunza. Sipendi mawazo ya wanaotaka kila kitu chenye historia chafu kibomolewe. Ukiibomoa, shahidi amekwenda.

Ningependa tu kibao kinachoeleza habari zake kisianze na 1884. Kianze na ghuba, kitaje Tuluwat kwa jina, kitaje tarehe 26 Februari, halafu kije kwa Carson, Dolbeer na ndugu Newsom, na mafundi zaidi ya 100 ambao majina yao hatuyaoni popote. Nafasi haitakosekana. Nyumba yenyewe imetufundisha kwamba hakuna ukuta usioweza kubeba pambo moja zaidi.

Siku nikijaliwa kufika Eureka, nitapita hapo barabarani nipige picha yangu kama kila mtu. Sitaomba kuingia. Nitageuka niangalie majini, nihakikishe kwa macho yangu kama kweli ni karibu kiasi kile ramani inavyosema.